Pumzi ya Mama Redioni

Mama alianguka mara ya kwanza kwenye bustani ya mboga nyuma ya nyumba yake, mtaa wa Lyamkena, Makambako. Alikaa pale chini tangu umande haujakauka hadi watoto wa shule walipokuwa wanarudi kula mchana. Mimi nilikuwa kibandani kwangu nikitengeneza redio, mwendo wa dakika tatu kwa miguu, na sikujua lolote. Mke wangu alikuwa Njombe mjini, amefuata viazi. Waliomwona ni wanawake wawili waliokuwa wanapita na kuni vichwani. Walipomwinua aliwaambia amekaa kupumzika. Walipomwuliza mbona kitenge kimelowa ubavu mzima, akasema ni umande.

Daktari alimpima kwa muda mrefu, kisha akaniita pembeni. Alisema moyo umechoka, hausukumi damu inavyotakiwa, ndiyo maana miguu inavimba na pumzi zinakatika. Akamwandikia vidonge vya kutoa maji mwilini, ameze kila asubuhi.

"Vitampeleka msalani mara kwa mara, msishtuke," alisema. "Asilale chali, aegemee mito. Na asiwe peke yake."

Hilo la mwisho ndilo lililotushinda. Miaka ile mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa, na mimi nilikuwa mmoja wa waliopewa barua na kuambiwa asanteni. Nilitoka Dar es Salaam na mke na watoto, nikaja Makambako kwa sababu kila lori na kila basi la kusini lilikuwa lazima lipite hapo. Biashara huria ilikuwa imeleta redio kaseti za kila aina, zenye taa nyingi na uhai mfupi. Kazi nilikuwa nayo. Mke wangu alikuwa sokoni toka asubuhi mpaka jioni. Watoto shule. Nyumba yangu ilikuwa upande wa pili wa barabara kuu, na mama hakutaka kuhamia.

"Nimezaa saba, nimezika watatu," alisema. "Sijawahi kulindwa."

Nikamwambia basi nitafute binti wa kukaa naye. Akaniuliza huyo binti atakula nini, na atamtazama yeye kama nani. Nikamwambia basi awe anakuja kukaa kibandani kwangu mchana. Akacheka mpaka akakohoa. "Nikae barabarani kama gunia la mkaa?"

Kwa hiyo nikafanya kile ninachokijua. Nilichukua maikrofoni kutoka kwenye redio kaseti iliyokufa, nikasokota waya wa shaba kwenye mrija wa kalamu, nikaunga transista moja kwa risasi ya kuyeyusha, nikapata kirusha mawimbi kidogo kinachoingia kwenye kopo la majani ya chai. Sauti yake ilikuwa inashikwa na redio ya kawaida, kwenye eneo la FM ambalo kwetu wakati ule lilikuwa tupu kama shamba baada ya mavuno. Kisha nikaweka bati mbili nyembamba kwenye mlango wa mama. Mlango ukifunguliwa, zinagusana, na kengele ndogo iliyo kando ya kopo inalia. Chini ya godoro nikaweka bati nyingine mbili. Mama akiinuka kitandani, zinaachana, na kitu kingine kinakwaruza, sauti tofauti. Maikrofoni ilibeba vyote hivyo mpaka kibandani kwangu. Niliweza kukaa na redio ya mteja mkononi, huku redio yangu ndogo rafuni ikiniambia: ameamka, ametoka, amerudi, amekaa.

Nilimwambia mama kwamba nimemwekea kengele ya mlango. Hilo lilikuwa kweli. Sikumwambia kwamba kopo linasikia.

Mke wangu aliliona kopo juu ya kabati siku ile ile, akaelewa mara moja. Miaka kumi ya kuishi na fundi ilikuwa imemfundisha.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia kuna kengele."

"Sikukuuliza kengele."

"Nikimwambia atalitupa chooni," nikasema. "Unataka aanguke tena bustanini?"

Alifunga kitambaa chake kichwani, akaenda zake sokoni.

Wiki za kwanza nilikuwa mtu aliyepona ugonjwa. Nilimsikia mama akisalimiana na wapita njia, "Kamwene," na wao wakijibu. Nilimsikia akigombana na kuku kwa Kibena, akipepeta maharage, akiimba nusu ya wimbo wa kanisani na kuacha pale pumzi zilipogoma. Asubuhi akishameza vidonge, mlango ulikuwa unalia mara tano, mara sita kabla ya saa nne, kwa sababu choo kilikuwa nje. Nilianza kuhesabu bila kukusudia. Mlio wa mlango ukawa ndiyo dalili kwamba dawa inafanya kazi.

Lakini nilimsikia pia akisali, na mama alikuwa mtu wa kusali kwa sauti. Alikuwa anamweleza Mungu habari zangu. Kwamba nimerudi kutoka mjini nimekonda. Kwamba sicheki. Siku ya kwanza nilipunguza sauti ya redio. Siku ya pili nilijiambia kwamba nikipunguza na yeye akaanguka, nitajibu nini. Nikaacha sauti ilivyo, nikainamia kazi yangu, masikio yakiwaka moto.

Kifaa kilikuwa na ugonjwa mmoja: baridi. Baridi ikizidi, masafa yanahama, kituo kinatoka mahali pake kwenye redio na inabidi kukitafuta. Juni ilipoingia na ukungu wake, kila asubuhi nilikuwa lazima nizungushe kitufe taratibu, nusu unywele kushoto, nusu unywele kulia, mpaka nimpate mama.

Katikati ya njia kutoka kibandani hadi kwa mama palikuwa na duka la mahindi la jirani yetu mmoja. Alikuwa Mwislamu kutoka Kigoma, mtu wa makamo, mpole, aliyekuja Makambako na lori la mizigo akaona biashara akabaki. Asubuhi moja alikuja kibandani na redio yake kifuani, ameishika kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Fundi," alisema, "redio yangu ina bibi ndani."

Nikajua kabla hajamaliza. Alisema alikuwa anatafuta stesheni mpya, maana watu walikuwa wanasema Dar es Salaam sasa kuna redio za watu binafsi, huenda zikafika na huku. Akakuta mwanamke anazungumza Kibena. Akadhani ni mahubiri. Akasikiliza, akasikia kuku.

"Sijui Kibena," alisema, "lakini ile sauti hunisalimia kila siku nikipita. Ni Mama Mkubwa."

Nilimweleza yote, maneno yakinitoka haraka kuliko nilivyotaka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nia yako naiona," alisema. "Lakini mzazi ana sitara yake, Fundi. Leo nimesikia mimi nisiyejua lugha. Kesho atasikia anayejua. Mwambie."

Nilimwahidi kwamba nitamwambia jioni ile. Jioni nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda anakoka moto, miguu ameifunika kwa khanga. Nikamwuliza habari za dawa. Akasema anameza. Nikamwuliza habari za pumzi. Akasema ni nzuri. Nikatazama kopo juu ya kabati, nikaaga.

Siku kama nne hivi baada ya hapo mlango ulianza kupunguza kulia. Mara tatu asubuhi. Mara mbili. Mara moja. Nilikwenda nikazisugua zile bati kwa msasa, nikazipinda zigusane vizuri, nikajaribu mlango mwenyewe: ukalia vizuri. Kesho yake, mara moja. Nikabadilisha betri. Mara moja tena. Fundi anayeona kipimo kimebadilika hukimbilia kukikagua kipimo. Wala haikunijia kwamba bati zilikuwa zinasema kweli. Kwa kweli haikunijia kabisa, na hili ndilo ninalolikumbuka kwa aibu kuliko hata lile la sala.

Kisha ikaja asubuhi ya Julai ambayo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka huwezi kuona ng'ambo ya barabara. Malori yalikuwa yanapita yakiwa yamewasha taa. Nilifungua kibanda, nikawasha redio, nikasikia mvumo mtupu. Nikazungusha kushoto. Mvumo. Nikazungusha kulia. Mvumo. Nilikaa nayo nadhani robo saa. Nilijiambia ni baridi. Kisha nikajiambia huenda ni redio yenyewe, kwa sababu jana yake ilikuwa inakwaruza. Nikachukua bisibisi nikaifungua. Nakumbuka nilivyopanga skrubu nne kwenye kifuniko cha chupa ili zisipotee. Nilikuwa na haraka na nilikuwa mwangalifu, vyote kwa pamoja, na mama yangu alikuwa mwendo wa dakika tatu.

Nilisikia mtu anakimbia kabla sijamwona. Jirani alitokea kwenye ukungu bila viatu, kofia imemtoka.

"Acha hiyo," alisema. "Mama hapumui vizuri. Nimemsikia redioni. Twende."

Masafa yalikuwa yamehamia mbali zaidi ya nilipozoea kutafuta, mahali ambapo redio yake ilikuwa imekaa tangu usiku kwenye stesheni hafifu ya mbali. Alipoiwasha asubuhi, badala ya stesheni alisikia mtu anavuta pumzi kama anayekunywa maji kwa mrija mwishoni mwa glasi. Hakuhitaji Kibena kwa hilo. Aliniambia baadaye kwamba alidhani tayari niko njiani, kwa kuwa mimi ndiye mwenye kifaa. Alitoka dukani, akatazama njia, akaona hakuna mtu.

Tulikimbia. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Jirani aliusukuma kwa bega mara mbili, na mara ya pili komeo likang'oka na kengele yangu ikalia, ikaendelea kulia, maana mlango ulibaki wazi. Mama alikuwa chini, ameegemeza mgongo kitandani, mikono imeshika magoti. Midomo ilikuwa ya rangi ya majivu. Kifua chake kilikuwa kinachemka. Alinitazama akataka kusema kitu, pumzi ikakataa.

Nilitaka kumlaza. Mikono yangu ilishamshika mabegani kumlaza ndipo nilipokumbuka maneno ya daktari.

"Asilale," nikasema. "Akae. Lazima akae."

Jirani alikimbia kuleta pikapu yake. Nilibaki na mama dakika zile, nimepiga magoti nyuma yake ili aniegemee, nikisikia mgongoni kwake kile nilichotakiwa kukisikia redioni. Kengele ya mlango ilikuwa bado inalia. Sikuweza kumwacha niende kuizima.

Kituo cha afya walimdunga sindano, wakatuambia tusisubiri, twende Njombe. Nilikaa naye kiti cha mbele, nimemkumbatia awe wima, jirani akiendesha. Ukungu ulikuwa mzito mpaka karibu nusu ya njia. Nyuma ya malori yaliyobeba magogo tulitembea kama wanaosindikiza jeneza, na kila tulipotaka kupita tuliona taa zinakuja. Jirani alikuwa anasoma dua chini chini. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi. Zikichelewa, nilimwita. Mara moja ilichelewa sana, nikamwita kwa nguvu, na mama akanipiga kofi dogo kwenye goti, kama alivyokuwa akinifanyia kanisani nilipokuwa mdogo. Sijawahi kufurahia kofi namna ile.

Njombe walimpokea, wakampa oksijeni na sindano nyingine, na kufikia alasiri kifua kilikuwa kimetulia. Mke wangu alifika na basi, akiwa na mfuko wa nguo za mama. Alinivuta nje ya wodi, akatoa kwenye mfuko huo kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake kulikuwa na vidonge, vingi, vya majuma.

"Vilikuwa kwenye chungu cha mbegu," alisema. "Hajameza tangu lini huyu?"

Nilijua tangu lini. Ningeweza kumtajia siku.

Kesho yake mama alikuwa anaweza kuongea. Muuguzi alimwuliza kwa upole kwa nini aliacha dawa. Mama alitazama dirishani. Kisha akamjibu mke wangu, si muuguzi, na kwa Kibena, kwamba Jumapili moja vidonge vilimshika katikati ya ibada, akainuka kutoka, hakufika mlangoni. Kwaya ilikuwa inaimba. Wanawake walimzunguka na vitenge vyao, lakini watoto waliona. Alisema ni afadhali miguu ivimbe.

Mke wangu alimshika mkono. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni mwa kitanda, nikifikiri kwamba nilisikia kila kitu chake isipokuwa hicho.

Ndipo mama akaniuliza: "Baba, nani aliwaambia mimi niko chini? Sikupiga kelele. Sikuweza."

Ningeweza kusema jirani alikuwa anapita. Mke wangu alinitazama. Nikasema kweli yote: kopo, maikrofoni, redio, jirani. Sikumficha hata kwamba asubuhi ile mimi sikumsikia.

Mama hakukasirika kwa sauti. Alifunga macho. Siku mbili zilizofuata hakunisemesha. Nilileta uji, akaupokea kutoka kwa mke wangu. Niliuliza kama anasikia baridi, akamjibu mgonjwa wa kitanda cha pili kwamba hali ya hewa ni nzuri. Usingizi wangu niliupata kwenye benchi la nje ya wodi, na kila nilipoingia aligeuza uso ukutani. Niliogopa kwamba atatoka pale akiwa hai na akiwa amenipoteza.

Siku ya tatu jirani alikuja kumwona, amebeba ndizi. Mama alimwambia akae. Akamshukuru kwa mlango aliouvunja. Kisha, mbele yake, akanigeukia.

"Ulisikia nikimwambia Mungu nini?"

"Kwamba nimekonda," nikasema. "Kwamba sicheki."

"Na nini tena?"

"Kwamba kazi ilipoisha niliona aibu kurudi nyumbani. Kwamba unaniona ninavyojifanya."

Jirani aliinama akawa anatazama ndizi zake.

"Sasa hayo," mama alisema, "ningekuambia mwenyewe siku ungekuja ukakaa. Ulikuwa unakuja, unauliza dawa, unauliza pumzi, unatazama kabati, unaondoka. Nilidhani umechoka na mimi."

Nilikaa ukingoni mwa kitanda, naye akaniacha nikae.

Tulipomrudisha Lyamkena, kitu cha kwanza alichotaka ni kuliona kopo. Nikalishusha, nikalifungua mezani, nikamwonyesha kila kipande na kazi yake. Alikishika kile kipande cha maikrofoni kati ya vidole viwili, kidogo kama punje ya njegere.

"Hiki ndicho kinachosikia?"

"Ndicho."

"Kitoe."

Nikakikata mbele yake. Zile bati za chini ya godoro nazo akasema zitoke, kwa kuwa kuamka kwake si habari ya mtu. Za mlango aliziruhusu zibaki, baada ya mke wangu kumweleza kwamba milio ile ilikuwa imetuonyesha kwamba dawa haimezwi, ila mimi ndiye sikuamini. Kisha akasema anataka kitu cha kubonyeza. Yeye abonyeze, mimi nisikie. Nilifanya kazi hiyo siku tatu, nikaongeza na namna ya kuzuia masafa yasihame kwa baridi, jambo ambalo nilitakiwa kulifanya tangu mwanzo. Kitufe nilikitundika kwa uzi shingoni mwake. Mke wangu aliongea na wazee wa kanisa bila kumtaja, wagonjwa wawe wanakaa karibu na mlango, kisha Jumapili mama akawa anameza dawa baada ya ibada, na ndoo yenye mfuniko ikawekwa chumbani asihitaji kutoka kwenye baridi. Vidonge havikuingia tena kwenye chungu.

Mara ya kwanza kitufe kilipolia nilimwacha mteja na pesa mkononi, nikakimbia na bisibisi. Nikamkuta mama amesimama mlangoni, mzima.

"Kuna mwewe," alisema. "Nifukuzie, anatazama vifaranga."

Nikamfukuza mwewe. Nilipotaka kuondoka alinisogezea kigoda kwa mguu, nikakaa. Alibonyeza tena juma lile kwa ajili ya chumvi, na kwa ajili ya barua ya dada yangu iliyohitaji kusomwa, na siku moja bila sababu yoyote aliyoweza kuitaja. Mke wangu alisema nimepata bosi mpya. Wateja walilalamika, wengine wakahamia kwa fundi wa stendi.

Aliishi miaka mitatu na miezi kadhaa. Alifia Njombe, kwa dada yangu alikokwenda kusalimia, mchana wa jua, akiwa amekaa uani anamenya maharage mabichi. Dada alikuwa ameingia ndani kuchukua sufuria. Alisema hakukawia hata kidogo, na alipotoka maganda yalikuwa bado mapajani mwa mama, na mikono imetulia juu yake. Dada alilia sana kwamba hakuwepo. Nilimwambia alikuwepo.